Tanga Lisilo na Nahodha: Mwavuli wa Ufukweni Mbele ya Sheria

Julai 2018, katika mji mdogo wa Seaside Heights, jimbo la New Jersey nchini Marekani, upepo uling'oa mwavuli mchangani na kuutupa kuelekea kwa mgeni aliyekuwa amefika kutoka Uingereza. Ncha ya nguzo ilipenya kifundo chake cha mguu. Zimamoto walipofika hawakuthubutu kuichomoa. Waliikata kwa mkasi wa kukatia vyuma, mgonjwa akapelekwa hospitali na kipande kikiwa bado mwilini. Siku chache baadaye, huko Ocean City, Maryland, mwanamke mwingine alichomwa kifuani na mwavuli uliobebwa na upepo. Wote wawili walinusurika. Lakini si kila aliyepigwa amenusurika: Juni 2016 mwanamke aliyekwenda kupumzika Virginia Beach aliuawa na mwavuli uliorushwa na upepo mkali, na Agosti 2022 msiba wa namna hiyohiyo ukatokea Garden City, South Carolina, pale ncha ilipomchoma mwanamke kifuani mchana kweupe, watu wakiwa wamejaa ufukweni.

Mswahili akisikia habari kama hizi hutikisa kichwa na kusema: ajali haina kinga. Ni neno la faraja, na msibani lina mahali pake. Mahakamani halina. Mhadhara huu una dai moja tu, kwamba ajali hii mahususi ina kinga, kinga yenyewe inapimika kwa kilo na kwa sentimita, na kwa kuwa inapimika, sheria ina haki ya kuuliza nani aliijua na hakuiweka.

Kwanza, ukubwa wa jambo. Tume ya Marekani ya Usalama wa Bidhaa za Walaji, CPSC, hukusanya taarifa za vyumba vya dharura kutoka hospitali takriban 100 zilizochaguliwa kitaalamu, kisha hukadiria hali ya nchi nzima. Kwa kipimo hicho, kati ya 2008 na 2017 watu wapatao 31,000 walitibiwa hospitalini kwa majeraha yanayohusu miavuli, yaani karibu 3,000 kwa mwaka. Ni makadirio, na ndani yake mna vidole vilivyobanwa kwenye bawaba na vichwa vilivyogongwa kidogo, si vifua vilivyochomwa pekee. Hata hivyo tarakimu hizo ziliwasukuma maseneta wawili wa Virginia, Mark Warner na Tim Kaine, kuiandikia tume hiyo mwaka 2019 wakitaka ieleze inafanya nini kuhusu usalama wa miavuli ya ufukweni.

Watu wa pwani ya Afrika Mashariki hawahitaji kufundishwa upepo. Mvuvi anayetoka na umande alfajiri na kurudi alasiri upepo ukitoka baharini anaujua mzunguko wote: jua likipanda nchi kavu hupata moto kuliko maji, hewa ya juu ya nchi hupaa, na hewa baridi ya baharini huja kuchukua nafasi yake. Upepo huo hukaza mchana, saa zilezile ambazo ufukwe umefurika watu. Kwa hiyo yule anayesema upepo ulikuja ghafla anasema kweli nusu. Pigo moja huweza kushtukiza. Upepo wenyewe huja kwa ratiba.

Na mwavuli ni nini, ukiutazama kwa jicho la baharia? Ni tanga. Una kitambaa kilichotandazwa juu ya mbavu, una mlingoti, lakini hauna demani ya kulegeza, hauna nahodha wa kutua tanga upepo ukizidi, na nanga yake ni shimo la mchanga. Jahazi lililosukwa namna hiyo lisingepata baharia hata mmoja wa kulipanda.

Hesabu yake si ngumu. Msukumo wa upepo huongezeka kwa mraba wa kasi: kasi ikiwa mara mbili, nguvu inakuwa mara nne. Mwavuli wenye kipenyo cha mita 2 una eneo la zaidi kidogo ya mita 3 za mraba. Upepo wa kilomita 24 kwa saa, ule unaopeperusha kanga kwenye kamba bila kumshtua mtu, ukiupiga wote usoni huusukuma kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 9. Kasi ikipanda hadi kilomita 48 kwa saa, nguvu hiyo inafika kilo 35, sawa na mfuko wa saruji uliopungua theluthi. Uzito huo hauvuti kwenye shina la nguzo. Unavuta juu kabisa, na nguzo inageuka kuwa mtaimbo wa kujing'olea yenyewe.

Mchanga nao ni mshirika asiyeaminika. Ule mkavu wa juu hauna kinachoshikanisha chembe zake; nguzo ikiyumba, shimo linapanuka, na kila inapoyumba inajilegeza zaidi. Chini kidogo, mchanga wenye unyevu hushika vizuri kwa sababu maji huziunganisha chembe. Ndiyo maana CPSC hushauri nguzo izamishwe angalau futi 2, yaani kama sentimita 60, kwa kuitikisa huku na huku mpaka ishuke, na mwavuli uinamishwe kuelekea upepo unakotoka. Ukiinama hivyo, upepo huukandamiza chini. Ukiinamia upande wa pili, upepo huingia chini ya kitambaa na kuunyanyua.

Ukishang'oka, mambo hubadilika. Hauruki kama mshale. Hubiringika, kichwa chini ncha juu, kisha ncha chini kichwa juu, kwa sababu kitambaa kinakamata upepo na nguzo inafuata kwa uzito wake. Mtu aliyelala kifudifudi kwenye taulo hawezi kukisia ncha itatua wapi. Na ncha imechongwa makusudi: kinachoiwezesha kuingia mchangani ndicho kinachoiwezesha kuingia mwilini.

Jibu la kiufundi lipo, na limeandikwa. Mwaka 2024 shirika la viwango la ASTM lilitoa kiwango namba F3681-24, kinachohusu usalama wa miavuli ya ufukweni pamoja na nanga zake. Lengo lake ni mwavuli ustahimili upepo wa maili 30 kwa saa, yaani kilomita 48, na nanga iwe na uwezo wa kuhimili mvuto wa ratili 75, sawa na kilo 34. Msomaji atakumbuka zile kilo 35 za aya zilizotangulia. Hazikutolewa kwenye kiwango hicho. Zilitokana na kanuni ya fizikia ya sekondari. Kwamba zimekaribiana hivyo ni dalili kuwa fumbo hili halikuwa fumbo. Mtu mwenye kalamu na karatasi angeweza kulifumbua miaka 50 iliyopita.

Nanga zenyewe ni vitu vya kawaida: parafujo kubwa la plastiki linalokazwa mchangani, mfuko unaojazwa mchanga wa hapohapo na kufungwa kwenye nguzo, au kitako kipana kinachofukiwa. Kiwango cha ASTM ni cha hiari. Hakuna sheria ya shirikisho inayomzuia mfanyabiashara kuuza nguzo, ncha na kitambaa, na kumwachia mnunuzi mengine.

Hapa ndipo sheria inapoingia, na inaingia kwa milango kadhaa.

Mlango wa kwanza ni wa jirani: yule aliyechomeka mwavuli kwa haraka, akauacha wazi, akaenda kuogelea. Huyo hushtakiwa kwa uzembe. Kesi inayofundishwa katika takriban kila chuo cha sheria cha Marekani kuhusu kipimo cha uzembe inahusu, kwa bahati nzuri ya mhadhara huu, chombo kilichokatika kamba. Januari 1944, katika bandari ya New York, tishari lililoitwa Anna C, likiwa na shehena ya unga, lilichomoka lilipofungwa, likasukumwa na maji na upepo, likagonga meli ya mafuta ambayo rafadha yake ilitoboa tumbo lake, likazama. Mlinzi wake alikuwa ameondoka kwa saa 21. Katika hukumu ya mwaka 1947, Jaji Learned Hand alisema wajibu hutegemea mambo matatu: uwezekano wa chombo kuchomoka, ukubwa wa madhara kikichomoka, na gharama ya kuzuia. Gharama ya kuzuia ikiwa ndogo kuliko uwezekano ukizidishwa kwa madhara, asiyezuia amezembea.

Weka mwavuli mahali pa tishari. Kuufunga unapoondoka huchukua sekunde chache. Mfuko wa mchanga ni bei ya chakula cha mchana. Upande wa pili wa mizani kuna jicho, kifua, uhai. Kwa mwandishi wa mhadhara huu, hakuna mfano ulio wazi zaidi wa kipimo cha Hand, na ni ajabu kwamba vitabu vya sheria vinaendelea kung'ang'ania matishari.

Lakini jirani wa ufukweni mara nyingi hana mali ya kufidia wala bima inayogusa jambo hilo, na pengine alifuata maelekezo yote yaliyokuwa kwenye mfuko wa mwavuli. Hapo jicho linageukia kiwandani.

Zamani mlango huo ulikuwa umefungwa. Aliyeumizwa na bidhaa aliweza kumshtaki yule tu aliyemuuzia, kwa msingi wa mkataba. Asiyenunua hakuwa na la kusema. Ufunguo ulipatikana katika mkahawa wa Paisley, Scotland, Agosti 1928, pale May Donoghue aliponunuliwa na rafiki yake soda ya tangawizi. Chupa ilikuwa ya kioo kisichopitisha mwanga. Alikunywa, rafiki akamimina iliyobaki, na kilichotoka, kwa madai yake, ni mabaki ya konokono aliyeoza. Mwaka 1932 Mabwana wa Sheria wa Uingereza, kwa kura 3 dhidi ya 2, waliamua kwamba mtengenezaji ana wajibu wa uangalifu kwa mlaji wa mwisho, hata kama hawajawahi kufanya biashara. Anayechomwa na mwavuli ufukweni yuko katika hali ya Donoghue, tena mbaya zaidi. Yeye hakununuliwa hata na rafiki.

Marekani ilipiga hatua ya ziada, na kesi iliyoipeleka huko inastahili kusimuliwa kwa kituo, kwa kuwa nayo ni ya kitu kilichoruka. Krismasi ya mwaka 1955 bwana mmoja wa California, Greenman, alipewa zawadi na mkewe: mashine ya useremala iitwayo Shopsmith, yenye msumeno, keekee na kerezo kwa pamoja. Mwaka 1957 alikuwa akikereza gogo kubwa ili achonge kikombe. Alikwisha kulifanyia kazi mara kadhaa bila tatizo. Ghafla gogo lilichomoka, likampiga kwenye paji la uso. Wataalamu walieleza mahakamani kwamba skrubu za kukazia sehemu za mashine hazikutosha, na kwamba kulikuwa na njia nyingine za kukaza ambazo zingezuia ajali. Juri lilimpa dola 65,000.

Kiwanda kilijitetea kwamba Greenman alichelewa kutoa taarifa ya kuvunjwa kwa dhamana. Alikuwa amekaa zaidi ya miezi 10. Jaji Roger Traynor wa Mahakama ya Juu ya California, katika hukumu ya mwaka 1963, aliuweka utetezi huo kando. Mtengenezaji anayepeleka bidhaa sokoni akijua itatumika bila kukaguliwa, alisema, anawajibika ikionekana ina kasoro inayomuumiza mtu. Si lazima mdai athibitishe uzembe; athibitishe kasoro. Mwaka 1969 mahakama hiyohiyo ikaupanua ulinzi huo hadi kwa mpita njia asiyehusika na bidhaa kabisa, kwa hoja kwamba mnunuzi angalau alipata nafasi ya kuchagua na kukagua. Mtu aliyelala kwenye taulo lake hakuipata.

Skrubu zisizotosha, kitu kinachochomoka, njia bora iliyokuwapo: badilisha kerezo kwa mwavuli na hoja inasimama karibu neno kwa neno. Wanasheria hugawa kasoro katika mafungu matatu. Kuna kasoro ya utengenezaji, mfano nguzo moja kati ya elfu ina kiungo kilichopasuka. Kuna kasoro ya usanifu, ambapo miavuli yote elfu ni sawasawa na yote haina nanga. Na kuna kasoro ya maonyo. Fungu la pili ndilo lenye uzito hapa, na ndilo gumu, maana mdai hutakiwa kuonyesha usanifu mbadala uliowezekana kwa bei ya kawaida. Kabla ya 2024 angelazimika kumlipa mhandisi aje aeleze yote hayo kuanzia alifu. Sasa anaweza kuweka mezani andiko la wataalamu waliokubaliana kilo ngapi zinatosha. Kiwango cha hiari hakimfungi mtu jela, lakini mbele ya juri kinazungumza.

Kuhusu maonyo, jambo moja la kuchekesha kwa uchungu: maonyo ya mwavuli aghalabu huchapwa kwenye lebo ya mfuko wake, na mfuko huo hubaki kwenye buti ya gari.

Asije mtu akadhani Marekani ni nchi moja katika mambo haya. Virginia, kulikotokea kifo cha 2016, haikuipokea kanuni ya Greenman. Mdai huko hupita njia ya uzembe au ya dhamana ya bidhaa. Zaidi ya hapo, Virginia na Maryland bado zinashikilia kanuni kongwe kwamba katika kesi ya uzembe, mdai aliyechangia ajali yake mwenyewe hata kwa asilimia 1 hapati kitu. New Jersey na South Carolina hupunguza fidia kulingana na mchango wa mdai, na humnyima kabisa pale tu mchango wake unapozidi nusu. Hivyo jeraha lilelile, mwavuli uleule, upepo uleule, huweza kuzaa fidia kamili, fidia pungufu au mikono mitupu, kutegemea mchanga ni wa jimbo gani. Ni vigumu kuliita hilo haki, ingawa ndiyo sheria.

Tatizo la siku hizi ni muuzaji asiyeonekana. Miavuli mingi hununuliwa mtandaoni, kutoka kwa kampuni yenye jina la herufi chache na anwani ya ng'ambo. Ukiitafuta imeyeyuka. Je, jukwaa lililopokea pesa na kufikisha mzigo linahesabika kama muuzaji? Mwaka 2020 mahakama ya rufani ya California, katika kesi ya betri ya kompyuta mpakato iliyolipuka, ilisema ndiyo, Amazon inawajibika. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu ya Texas, katika kesi ya mtoto aliyemeza betri ya rimoti, ilisema hapana.

Hoteli na wakodishaji wa viti wana mlango wao, kwa kuwa wao ndio waliouchomeka mwavuli, ndio wanaolipwa, na wana wafanyakazi wa kuangalia upepo. Utetezi wao wa kwanza huwa kwamba yaliyotokea ni kazi ya Mungu. Sheria huupokea utetezi huo kwa tukio la ajabu lisilotarajiwa na mwenye busara. Upepo wa alasiri baharini hauhesabiki humo.

Fukwe za Afrika Mashariki zina kinga moja ambayo haikubuniwa na mwanasheria: hoteli nyingi, toka Diani hadi Nungwi, huwatengenezea wageni vivuli vya makuti juu ya miti iliyochimbiwa chini, visivyohamishwa. Miavuli ya kitambaa ipo pia, na ikimuumiza mtu, sheria haimwachi mikono mitupu. Hukumu ya Donoghue ilifika Kenya na Tanzania pamoja na urithi wa sheria za Kiingereza. Kenya imekwenda mbali zaidi: Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mlaji haki ya kulindwa afya na usalama wake, na haki ya kulipwa fidia kwa madhara yatokanayo na kasoro ya bidhaa au huduma, Sheria ya Ulinzi wa Mlaji ya 2012 ikafuata. Madai madogo, hadi shilingi milioni 1, yanaweza kupelekwa kwenye mahakama ya madai madogo iliyoundwa kwa sheria ya 2016. Tanzania Bara ina Sheria ya Ushindani ya 2003 inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, FCC, huku TBS ikishughulikia viwango. Kenya na Tanzania Bara, shauri la madhara ya uzembe hufunguliwa ndani ya miaka 3.

Kesi hizi, hata hivyo, hupotea mapema sana, kabla wakili hajaonekana. Damu ikishakauka, mtu mwema huukunja mwavuli na kuutupa pipani, au mwenyewe huubeba na kuondoka. Bila mwavuli hakuna kasoro ya kuthibitisha. Kitu kimoja cha kumwomba rafiki aliyebaki ufukweni, mgonjwa akiwa ndani ya ambulensi, ni autunze jinsi ulivyo, na kipande kilichokatwa, na nanga kama ilikuwapo, na mfuko wenye lebo. Apige picha shimo kabla halijajaa, na rula au hata kiatu kando yake kuonyesha kina. Aandike saa, kwa sababu vituo vya hali ya hewa kwenye viwanja vya ndege hurekodi kasi ya upepo, na rekodi hiyo itapatikana hata baada ya miezi. Majina na simu za walioona. Risiti, ya karatasi au ya mtandaoni. Na mtu asirudishe mwavuli dukani ili arudishiwe pesa, maana atakuwa ameuza ushahidi wake kwa bei ya rejareja.

Kisha kuna kalenda. New Jersey humpa aliyejeruhiwa miaka 2 kufungua shauri la kawaida. Akitaka kudai dhidi ya mamlaka ya umma, kama halmashauri ya mji, sheria inamtaka apeleke taarifa rasmi ndani ya siku 90, na hata akiwahi, sheria hiyohiyo inaikinga mamlaka dhidi ya madai yatokanayo na hali ya asili ya ufukwe. Mtu aliyechomwa tarehe 16 Julai ana mpaka 14 Oktoba. Kufikia siku hiyo, mgeni aliyetoka ng'ambo amekwisha kurudi kwao, bado akihudhuria kliniki, na miavuli imerudishwa stoo.